Ghala la Chini la Mzee Vendel

Vilma Bognár alikuwa dereva wa tramu jijini Budapest kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyefia mbele ya gari lake. Ilikuwa asubuhi ya Machi, mvua ya rasharasha inanyesha. Mwanamume wa makamo alisimama kituoni, amevaa koti lililopigwa pasi vizuri. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni taratibu kama mtu anayejiandaa kulala, kisha akashuka relini. Polisi walimwambia Vilma hana kosa. Daktari naye akamwambia hivyo hivyo. Alipumzishwa wiki sita, akarudi kazini, lakini tangu siku ile macho yake hayakuwa yale ya zamani. Abiria mwenye hasira, anayegonga mlango na kumtukana dereva, hakumbabaisha hata kidogo. Aliyemtisha ni yule aliyetulia kupita kiasi.

Mumewe alipofariki, raha iliyombakia ilikuwa safari moja kwa mwaka. Kila Oktoba alikwenda na Hajnalka na Ottó kwenye vilima vya Szekszárd, kusini, kuonja divai na kula mpaka mikanda ilegezwe. Hajnalka alikuwa na saluni mtaa wa pili kutoka kwake, na walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Ottó, mume wa Hajnalka, alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu, mtu mnene wa kicheko kikubwa, ambaye hakuna chumba alichoingia kikabaki kimya. Siku zote walifikia kwa mzee Vendel, mkulima wa zabibu wa miaka sabini na minane. Mkewe, bibi Boriska, ndiye aliyewapikia na kuwatandikia vitanda. Mwaka ule bibi Boriska alikuwa amekufa mwezi Juni.

"Labda tusiende," Vilma alisema kwenye simu. "Mzee bado ana msiba."

"Mwenyewe ndiye aliyepiga," Hajnalka akajibu. "Kasema tuje bila kukosa. Mara mbili kalisema hilo. Au unataka akae peke yake na mapipa?"

Walifika Ijumaa adhuhuri kwa gari la Ottó. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde, na juu yake vilima vilionekana vyekundu na vya manjano, majani ya mizabibu yakiwa yameanza kupukutika. Mzee Vendel aliwasubiri langoni. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati jeupe na suti nyeusi, ile ya kanisani, siku ya Ijumaa.

"Karibuni wanangu," alisema, akawakumbatia mmoja mmoja, kila mmoja kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida yake.

"Mzee, umependeza hivyo unataka kuoa?" Ottó akamtania, kisha mkewe akamkanyaga mguu.

Mzee alicheka. Alicheka vizuri tu, bila uchungu, na hicho ndicho kilichomfanya Vilma amtazame mara ya pili.

Halafu akagundua kwamba mbwa hayupo. Miaka yote waliyofika pale, mbwa mmoja mkubwa wa manyoya ya kahawia aliwarukia kabla hawajafunga milango ya gari.

"Betyár yuko wapi?"

"Nimempa Kelemen, jirani," mzee akasema. "Kule kuna watoto. Atafurahi zaidi."

Ndani, nyumba ilikuwa safi mno. Nguo za bibi Boriska zilikuwa zimekunjwa na kutiwa kwenye masanduku, na kila sanduku lilikuwa na karatasi yenye jina la mtu. Jikoni, funguo zote zilitundikwa kwa mstari kwenye ubao, nazo zilikuwa na vibandiko vilivyoandikwa kwa mkono wa kutetemeka: lango, banda, ghala la juu, ghala la chini. Vilma alisimama mbele ya ubao ule, akavisoma vibandiko kimoja kimoja. Mtu aliyeishi katika nyumba moja miaka hamsini anamwandikia nani funguo zake?

Alitaka kumwambia Hajnalka. Lakini Hajnalka tayari alikuwa amevaa aproni na kukata vitunguu, huku akiimba, na Ottó amefungua chupa ya kwanza. Vilma akajiambia kwamba ni uzee tu, ni mpangilio wa mtu aliyefiwa. Akachukua kisu, akamsaidia.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuonja. Mzee alikuwa na maghala mawili yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima, nyuma ya nyumba. La juu lilikuwa la divai iliyokomaa, lina meza ndefu, mabenchi na mapipa yaliyopangwa mpaka gizani. La chini lilikuwa na ngazi kumi na nne za mawe, na humo ndimo zabibu za mwaka zilimochachia. Wiki hizo zilikuwa zikichemka bila moto, na ukikaa mlangoni ulizisikia zikitokota kama chungu cha uji. Watu wa vilima vile wanajua kwamba zabibu zinapochemka hutoa gesi nzito inayojaa chini kama maji kisimani. Huioni. Karibu kila msimu inachukua mtu, na mara nyingi inachukua wawili, kwa sababu wa pili huingia kumwokoa wa kwanza. Ndiyo maana hakuna anayeteremka bila mshumaa unaowaka. Mshumaa ukififia, unageuka na kupanda juu. Kwa mzee Vendel mshumaa ulikuwa kazi ya bibi Boriska. Ulikaa kwenye kikopo cha bati, kando ya mlango, juu ya msumari.

Vilma alipopita pale asubuhi, msumari ulikuwepo. Kikopo hakikuwepo.

"Mzee, mshumaa umeuweka wapi?"

"Mshumaa?" Mzee Vendel alitazama msumari kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Aliyekuwa akiushika ni Boriska. Twende juu, mwanangu, wenzako wana kiu."

Juu, meza ilikuwa imejaa. Kulikuwa na mkate mnene uliopakwa mafuta ya bata bukini na kunyunyiziwa paprika, vitunguu vyekundu, soseji za moshi, jibini la kondoo, pilipili za kukaanga, na mikate midogo ya chumvi ambayo mzee aliioka mwenyewe, ikaungua chini kidogo. Alizunguka kati ya mapipa na kibuyu chake cha kioo chenye shingo ndefu, akakitumbukiza, akavuta kwa mdomo, akawajazia glasi. Wakaanza na nyeupe, kali kama tufaha bichi. Ikafuata kadarka, nyekundu nyepesi, yenye harufu ya cheri na pilipili manga. Ottó aliinua glasi yake kwenye taa, akapiga mluzi.

"Mzee, hii imekushinda wewe mwenyewe. Na ile changa je? Ile tamu yenye mapovu, inayochemka huko chini? Hiyo ndiyo niliyoifuata mimi!"

"Mwaka huu hapana," mzee akasema.

"Kikombe kimoja tu!"

"Ghala la chini haliingiliki, Ottó."

Alilisema bila ukali. Kisha akatoka, akarudi na chupa tatu zilizojaa vumbi. Vilma alizitambua kabla hajaona karatasi. Ilikuwa divai ya mwaka aliozaliwa Ágnes, binti pekee wa mzee, ambaye sasa alikuwa mwuguzi kule Győr. Miaka yote mzee aliwaonyesha chupa zile lakini hakuwahi kuzifungua. Zilikuwa za kunywewa siku atakapopata mjukuu.

"Kumbe Ágnes ana mimba!" Hajnalka akapiga makofi.

"Hana," mzee akasema, akaingiza kizibuo. "Divai nayo ikikaa sana inakufa. Inyweni nyinyi. Nyinyi mmekuwa watu wazuri kwangu."

Ottó alimeza funda la kwanza akafumba macho. Hajnalka alitokwa na machozi ya furaha, akambusu mzee shavuni. Vilma alishika glasi yake na asiweze kuipeleka mdomoni. Alimtazama mzee akivua miwani iliyoingia vumbi la chupa, akaikunja, akaitia mfukoni, na Vilma akaiweka glasi mezani.

Baada ya chakula cha mchana, wakati Ottó na Hajnalka wamejilaza juani kwenye benchi, Vilma alimwona mzee akielekea ghala la chini. Hakubeba kitu. Alifungua mlango, akaingia. Vilma alihesabu, kama alivyozoea kuhesabu vituoni kabla ya kufunga milango. Alipofika thelathini, aliondoka mbio. Alipofika mlangoni akaita kwa sauti iliyomtoka kama ya kumfokea mtoto:

"Mzee Vendel!"

Zabibu zikatokota.

"Mzee! Toka! Toka sasa hivi!"

Hatua zikasikika, polepole. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tano au ya sita. Alipotokeza kwenye mwanga, midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau na alijishika ukutani.

"Unafanya nini humo bila mshumaa?"

"Nilikuwa nazisikiliza tu," alisema. "Zinachemka vizuri mwaka huu."

Akaufunga mlango, lakini hakuufunga kwa ufunguo. Vilma aliliona hilo. Baadaye, kwa miezi mingi, alijiuliza kwa nini hakuuchukua ufunguo ule kwenye ubao na kuutia mfukoni mwake.

Jioni alimvuta Hajnalka kando, kwenye kuosha vyombo.

"Mzee hayuko sawa."

"Kafiwa, Vilma. Ulitaka awe sawa vipi?"

"Hapana, sikiliza. Mbwa kagawa. Nguo kagawa. Ile divai…"

"Ndiyo kwanza nimeona mzee anafurahi, wewe unaleta matanga." Hajnalka alimpa sahani ya kukausha. "Tangu yule mtu wako wa kwenye reli, kila mtu kwako ni maiti. Samahani, shoga, lakini ndiyo hivyo. Tuache tufurahi siku mbili."

Liliuma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Vilma alikausha sahani ile mpaka ikalia.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata nyumba ya jirani haikuonekana. Vilma hakugusa hata tone, kwa kuwa ndiye aliyekuwa aendeshe gari kurudi. Baada ya kifungua kinywa, Ottó tayari akiwa na glasi mbili za palinka, pombe kali ya matunda, tumboni, mzee Vendel alisimama, akasema anakwenda kutazama mizabibu, nao wakitaka kuondoka wasimsubiri. Akampa kila mmoja mkono.

Vilma akatoka nyuma yake. Alimkuta nyuma ya nyumba, amesimama kwenye njia inayogawanyika, upande mmoja kwenda kwenye mizabibu, mwingine kwenda kwenye maghala.

"Mzee, kaa hapa na mimi," alisema, akaonyesha gogo la kupasulia kuni. Mzee akakaa. Vilma akachuchumaa mbele yake, kama mtu anayemfunga mtoto viatu. Miaka kumi na moja alikuwa amemwuliza yule mtu wa koti swali moja, kila usiku, bila kujibiwa.

"Unataka kujiua?"

Mzee Vendel hakushtuka. Alitazama mikono yake.

"Umejuaje?"

"Umetulia mno."

Maneno yakamtoka moja moja. Alisema asubuhi anatengeneza vikombe viwili vya kahawa. Alisema mavuno ya mwaka ule alikuwa ameyafanya kwa heshima tu, ili zabibu za Boriska zisioze mtini, na sasa yamekwisha. Alisema Ágnes ana maisha yake. "Sikutaka muwe hapa. Nilipanga mkishaondoka. Nilitaka kwanza nyumba icheke mara moja."

"Nipe namba ya Ágnes."

"Mwache mtoto."

"Mzee, nipe namba. Sitoki hapa. Hata kazi kesho siendi."

Alikuwa ameshatoa simu, na mzee ameanza kutaja tarakimu, Hajnalka alipoita kutoka uani.

"Ottó yuko nanyi?"

"Hayupo!"

"Kasema anachukua kikombe chake cha divai changa halafu tuondoke! Tangu dakika ngapi sijui!"

Mzee Vendel alisimama. Vilma hakujua kwamba mtu wa umri ule anaweza kusimama hivyo.

Mlango wa ghala la chini ulikuwa wazi. Kwenye mwanga hafifu walimwona Ottó chini ya ngazi, kalala kifudifudi, jagi limepasuka kando yake. Hajnalka alipiga ukelele, akataka kuteremka. Mzee alimdaka kiunoni, akamtupa nyuma kwenye majani.

"Ukiingia unalala juu yake! Vilma, fungua tundu la hewa, hapo juu, vuta lile bati! Wewe, mwite Kelemen! Piga kelele!"

Hajnalka akapiga kelele ambazo kilima kizima kilizisikia. Mzee alikimbilia kwenye mashine ya kukamulia, akarudi na kamba mbili. Moja akajizungushia kifuani, chini ya kwapa, akampa Vilma ncha; ya pili akaifunga mlangoni, ncha nyingine akaishika mwenyewe.

"Kaza."

Vilma akakaza.

"Kaza zaidi, mwanangu. Mafundo mawili." Alimtazama machoni, na uso wake haukuwa tena na ule utulivu. Ulikuwa umejaa hofu, uso wa mtu hai. "Nikiyumba, nivute. Usingoje. Nivute kweli."

Alivuta pumzi mara tatu, ya nne akaizuia, akateremka. Vilma alihesabu kwa sauti. Kwenye kumi na mbili mzee alikuwa amepiga magoti kando ya Ottó. Kwenye ishirini alikuwa amepitisha kamba ya pili chini ya mkono mmoja. Kwenye thelathini na moja alikuwa akihangaika na mkono wa pili, na mwili mkubwa wa Ottó haukugeuka. Kwenye thelathini na tisa alifunga fundo. Kwenye arobaini na mbili aliyumba.

Vilma akavuta. Alivuta kwa mgongo wake wote, kamba ikimchuna viganja, mpaka kichwa cheupe cha mzee kikatokea juu ya ngazi, mdomo wazi, akikoroma. Kelemen alifika wakati huo, pamoja na shemeji yake, na wote watano wakaishika kamba ya pili. Ottó alipanda ngazi zile kumi na nne kama gunia, kichwa kikigonga mawe. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Kelemen, ambaye alikuwa zimamoto wa kujitolea, alianza kumkandamiza kifua. Hajnalka alipiga magoti, akawa anarudia jina la mumewe kwa sauti ndogo, sauti ambayo Vilma hakuwahi kuisikia kwake kwa miaka hamsini.

Gari la wagonjwa lilipofika, Ottó alikuwa amepumua.

Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya pili, kwenye ukumbi wa hospitali, Hajnalka alikaa mkabala na Vilma. Nywele zake, ambazo hakuwahi kutoka nyumbani bila kuzitengeneza, zilikuwa zimebanwa kwa mpira wa ofisini.

"Ule mlango uliachwa wazi kwa sababu alitaka kuingia yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua tangu Ijumaa."

"Nilihisi. Jumamosi nilitaka kukuambia…"

"Nilikukatiza. Najua nilikukatiza. Ungenipiga kofi, Vilma. Ungenishika hizi nywele ukanilazimisha nisikie." Akainuka. "Nenda nyumbani. Siwezi kukutazama sasa hivi."

Ágnes alikuja kutoka Győr siku hiyohiyo, na Vilma alimweleza kila kitu, bila kupamba wala kuficha. Mzee Vendel alichukuliwa kwa binti yake kwa miezi ya baridi, akaonana na daktari kila wiki, akalalamika juu ya daktari, juu ya kahawa ya Ágnes, juu ya majirani wa ghorofa ya juu. Vilma alimpigia kila Jumapili. Alifurahi kila alipomsikia analalamika. Mara moja tu mzee alimwuliza, "Yule Ottó anasemaje juu yangu?" Vilma akajibu kwamba Ottó hakumbuki chochote cha wikendi ile. Hilo lilikuwa kweli.

Hajnalka hakupiga simu. Novemba ikapita, Krismasi ikapita. Vilma aliendesha tramu yake asubuhi na jioni, na kila alipopita mtaa wa saluni alipunguza mwendo zaidi kidogo kuliko ilivyoruhusiwa.

Mwezi wa pili, siku yake ya mapumziko, alitoka akaenda saluni kwa miguu. Kupitia kioo alimwona Hajnalka anafagia. Wakatazamana. Hajnalka akaegemeza ufagio ukutani, akaufungua mlango.

"Ingia. Hizo nywele zinanitia aibu mtaani."

Alimkalisha, akamfunga kitambaa, akamwosha kichwa kwa maji ya moto kupita kiasi. Vilma hakulalamika. Hajnalka alikata, mkasi ukilia karibu na sikio, na mteja mwingine hakuwepo. Ilipofika nyuma ya shingo, mkasi ukasimama.

"Ottó anavaa mwenyewe sasa," Hajnalka alisema. "Anakula. Jirani akitania anacheka, ila anacheka wenzake wakishamaliza."

"Atapona, Hajni. Ni miezi minne tu."

"Jana asubuhi aliniuliza jina langu."

Vilma alimwona kwenye kioo, mkasi mkononi, anatazama dirishani bila kuona chochote. Akajifungua kitambaa mwenyewe, nywele zikiwa zimekatwa upande mmoja tu, akainuka, akamkalisha rafiki yake kwenye kile kiti. Akachukua ufagio. Nje kulikuwa kumeanza kudondoka theluji ya majimaji, na saa tisa Ottó alipaswa kurudi peke yake kutoka duka la mkate, umbali wa hatua mia mbili tu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, na bado hakuwa ameonekana.